Land Rover ya 1966 yenye chesi ya 904: jibu kwa msomaji wa Chake Chake

Swali: Assalaamu alaykum. Nimeona tangazo mtandaoni la Land Rover fupi ya mwaka 1966, bei milioni saba. Muuzaji anasema gari liko Kiembesamaki, Unguja, ni zima, limepigwa rangi mpya, na lilikuwa la marehemu baba yake. Yeye mwenyewe yuko Muscat. Kanitumia picha tano. Taa za mbele ziko kwenye madigadi, na namba za gari zimefichwa. Nilipomwomba namba ya chesi kanipa inayoanza na 904. Anataka arbuni ya laki nane kwa simu kabla ya Ijumaa, ati kuna mtu mwengine analitaka. Mimi niko Chake Chake. Nitajuaje kama tangazo hili ni la kweli?

Jibu: Waalaykumu salaam ndugu yetu. Hiyo laki nane usiitume. Tangazo lako lina mambo ambayo unaweza kuyapima ukiwa papo hapo Chake, bila ya nauli, na yakipimwa hayasimami.

Tuanze na namba ya chesi, kwa sababu hapo ndipo muuzaji wako aliponasa. Land Rover za zamani zilitoka kwa awamu: Series I kuanzia 1948 hadi 1958, Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971, kisha Series III hadi 1985. Gari la 1966 kwa hiyo ni Series IIA. Chesi za IIA fupi, yaani ile ya inchi 88, zenye injini ya petroli, huanza na tarakimu tatu kati ya 241 na 245. Hiyo 241 ni gari la soko la Uingereza, 242 ni la kuuzwa nje lenye usukani wa kulia, 244 ni la kuuzwa nje lenye usukani wa kushoto, na mbili zilizobaki ni za magari yaliyopelekwa vipande vipande kwenda kuungwa nchi nyengine. Sasa 904 ni Series III fupi ya petroli, ya kuuzwa nje, usukani kushoto. Namba aliyokupa mwenyewe inasema kwamba gari liliundwa 1971 au baada ya hapo, tena kwa ajili ya nchi ambayo watu wake wanapita kulia mwa barabara.

Picha zinaungana na namba hiyo. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 taa za mbele za Land Rover zilikaa ndani, baina ya madigadi mawili, pembeni mwa wavu wa chuma. Zilihamia kwenye madigadi mwishoni mwa muongo ule. Series III ikaja na girili ya plastiki, na saa za dashibodi, ambazo kwenye IIA ziko katikati ya gari, zikahamishiwa mbele ya dereva. Kwa taa peke yake nisingemhukumu mtu, kwa sababu madigadi ya gari hizi yamefungwa kwa bolti tu na mafundi wetu wamekuwa wakivisha gari moja madigadi ya jengine kwa miaka mingi. Dashibodi ni habari nyengine: imeshikana na ukuta wa chuma ulio baina ya injini na abiria, na kuubadilisha ukuta ule ni kulivua gari zima. Ukipata picha ya dashibodi, iamini kuliko picha ya sura ya mbele.

Huenda ukamtetea ukasema: pengine kakosea mwaka, kasoma kwenye kadi. Kosa la aina hiyo lipo, lakini linakwenda upande mmoja tu. Gari lililoundwa 1966 linaweza kusajiliwa hapa 1975, na kadi ikaandika 1975. Gari lililoundwa baada ya 1971 haliwezi kuwa na kadi ya 1966. Kama chesi ilibadilishwa, kadi lazima ioneshe namba mpya na kuwe na karatasi ya mabadiliko hayo.

Hii ndiyo faida ya anayenunua gari la kale kuliko anayenunua simu. Kila mwaka wa kiwanda umeacha alama yake kwenye chuma, na tapeli, ambaye leo anatangaza gari na kesho kiwanja cha Fumba, hana muda wa kuzijifunza. Peugeot 504 ilianza 1968, kwa hiyo 504 ya 1965 haipo duniani. Land Cruiser ya mfululizo wa 40 ilianza 1960. Herufi zake nazo zinasema: FJ40 ni injini ya petroli, BJ40 ni dizeli, na anayekutangazia "FJ40 dizeli ya kiwandani" ama hajui anachouza ama gari limebadilishwa injini, kubadilishwa injini si dhambi, lakini namba ya injini mpya iwe kwenye kadi. Volkswagen Beetle za kuanzia modeli ya 1965 zina tarakimu ya tatu ya chesi inayotaja mwaka: 117 ni modeli ya 1967, 118 ya 1968, na mwaka wa modeli wa kiwanda kile ulianza Agosti, kwa hiyo gari la Oktoba 1967 linahesabiwa 1968 bila ya udanganyifu wowote.

Na likumbuke hili zaidi ya yote hayo: namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ilienea katika magari kuanzia miaka ya 1980. Ukipewa namba ndefu kama hiyo kwa gari la 1966 au 1974, mtu kaitoa kwenye gari jengine, au kaiunda kwa programu. Na hata kwenye gari linalostahiki namba hiyo, herufi I, O na Q hazitumiki. Ukiziona, ni ya uongo.

Namba ya kuandikiwa kwenye ujumbe haitoshi. Unataka picha mbili, ya bamba dogo la namba na ya namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, na kila moja ipigwe mara mbili: moja kwa karibu, moja kwa mbali ili uone imetoka sehemu gani ya gari. Kwenye Series IIA na III namba iliyogongwa iko kwenye chesi upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa. Kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, juu ya mfereji wa katikati. Visiwani kwetu chumvi ya bahari huzila namba hizi, na muuzaji mkweli anaweza kukwambia "haisomeki". Mwambie asugue kwa brashi ya waya na mafuta ya taa kidogo, akaushe, apake chaki, kisha apige picha. Au aweke karatasi juu yake asugue kwa penseli ya risasi. Ni kazi ya robo saa. Mwenye gari la kweli huifanya, hata kama atanung'unika.

Sasa picha. Usihangaike kutafuta tarehe na mahali ndani ya picha za WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huzifuta habari hizo inapotuma. Zihifadhi kwenye simu, kisha zipitishe moja moja kwenye Google Lens au TinEye uone zimewahi kutokea wapi. Kwanza kata pembezoni: ukiacha gari zima na miti na ukuta, utaletewa Land Rover zote za dunia, ukikata kile cha pekee, mfano tairi la akiba na mkwaruzo wake, au beji na taa moja iliyopasuka, unaipata picha yenyewe. Igeuze pia kama kwenye kioo ujaribu tena, maana tapeli hugeuza picha ya usukani wa kushoto ionekane wa kulia. Ukitaka kuhakikisha haijageuzwa, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi au kwenye bango la nyuma. Yakisomeka kinyumenyume umeshajua. Ukiangukia tangazo la asili lenye namba za Uingereza, tovuti ya serikali ya huko inakuonesha bure aina, rangi, mwaka wa kusajiliwa na ukubwa wa injini wa gari hilo.

Kisha zilinganishe picha tano zenyewe kwa zenyewe. Je, ni gari moja? Angalia rangi ya ringi, kioo cha pembeni, bonde kwenye mlango, riveti. Ndani ya Series IIA na III lazima uone mikono mitatu: wa gia, wa kitovu cha manjano na wa kitovu chekundu. Ringi ya Land Rover ina nati tano, ya Land Cruiser 40 ina sita. Picha zinazotengenezwa na kompyuta siku hizi hukosea hapo hapo: ringi moja ina nati tano nyengine saba, beji haisomeki, mkono wa gia umeota pasipo na tundu. Kuficha namba za gari si ushahidi dhidi ya mtu; watu wengi waaminifu hufanya hivyo. Kukataa kuzitaja pale mnunuzi anapoziomba faragha ndiyo dalili. Gari la Zanzibar huanza na Z, la Bara huanza na T. Kama ni la T na linauzwa Kiembesamaki, uliza karatasi za kuhamia.

Bei ya milioni saba peke yake haisemi kitu. Series iliyooza chesi na kusimama miaka kumi chini ya mwembe inaweza kuuzwa kwa chini ya hapo. Kinachogombana na bei ni maneno "zima" na "rangi mpya". Waulize mafundi bei ya matairi matano, betri, kupiga rangi na kuunga chesi, ujumlishe; ukiona matengenezo yanakaribia kulingana na bei ya gari, ujue hakuna aliyetengeneza.

Habari ya marehemu baba nayo inapimika, na hapa wengi huona haya kuuliza. Gari la marehemu si la mtoto mmoja. Linaingia katika mirathi, na kwa Waislamu hapa Zanzibar mambo hayo hupita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi. Muuzaji wa kweli atakuwa na hati inayomtaja msimamizi, na warithi wenziwe watalijua gari na bei yake. Mwombe picha ya hati hiyo na namba ya mrithi mmoja aliyeko Unguja. Muulize pia jina la sheha wa shehia lilipo gari. Kama baba yake aliishi Kiembesamaki, hilo si swali gumu. Ukimhurumia ukanunua bila ya hati, hata kama gari lipo kweli, ndugu zake wana haki ya kukufuata mpaka Chake.

Nikae kidogo kwenye utapeli wa mtu wa katikati, kwa sababu huo unawanasa hata waliokwenda kuliona gari kwa macho yao. Tapeli anaona tangazo la kweli la mtu wa Fuoni. Analinakili, anashusha bei, wewe unampigia. Upande wa pili anampigia mwenye gari: "Nimelipenda, anakuja ndugu yangu kuliangalia, usimtajie bei, hiyo ni yangu mimi na wewe, ananidai." Wewe anakwambia: "Yule anayekaa na gari ni ami yangu, hajui bei, usizungumze naye pesa." Unakwenda, gari lipo, linawaka, kadi ipo, mzee ni mpole. Unatuma pesa kwa aliyekutumia picha. Mzee hajapokea hata senti. Kinga yake ni moja na haigharimu kitu: ukiwa umesimama mbele ya gari, mwambie aliyeshika ufunguo, kwa sauti, "Nimeambiwa milioni saba, pesa zinakwenda kwa fulani, namba hii, ni sawa?" Anayekukataza kuuliza swali hilo ndiye mwizi. Na kama kuna dalali, mpe haki yake ya udalali baadaye, lakini uzungumze na mwenye jina kwenye kadi mwenyewe.

Kwa kuwa uko Pemba, unahitaji macho Unguja. Tafuta fundi wa Land Rover, si fundi wa gari yoyote, umlipe siku yake. Mwambie asihangaike na bodi: bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haioti kutu nyekundu na sumaku haishiki, kwa hiyo ule mtindo wa kupitisha sumaku kutafuta puti, unaofaa kwa Beetle au Peugeot, hapa hautasema kitu. Pale aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe. Huo ndio uozo wake. Alale chini ya gari na bisibisi na nyundo ndogo, agonge boriti la nyuma la chesi, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na sakafu ya miguu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya dufu na bisibisi inazama. Rangi nyeusi nzito au oili mpya chini ya gari zima imewekwa kuficha. Namba ya chesi aitazame kwa tochi inayomulika kutoka ubavuni: pakiwa pameng'ara kwa grenda, pana mshono wa kuchomelea pembeni yake, tarakimu zimepanda na kushuka, au sehemu hiyo moja tu ina rangi mpya, namba imegongwa upya na safari iishie hapo. Asome namba ya chesi na ya injini kwa sauti kwenye simu ya video, wewe ukiwa na picha ya kadi mkononi.

Zikilingana, hatua inayofuata ni ofisi inayosajili vyombo vya moto, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kuthibitisha kadi ni ya nani na kama gari lina madeni. Kwenda pamoja na muuzaji au mwakilishi mwenye hati ya uwakala ndiyo njia fupi. Mkataba uandikwe na wakili, utaje namba zote mbili, na pesa zihame benki kwa benki siku hiyo hiyo ya kuhamisha jina. Kwa malipo ya simu, lisome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa si la kwenye kadi wala si la msimamizi wa mirathi, futa. Picha ya kitambulisho isikutulize, kwani matapeli hutumia vitambulisho walivyotumiwa na waliowatapeli kabla yako. Chako usimtumie.

Akibadili maneno akasema gari liko bandarini Dar au Mombasa na kinachobaki ni ushuru, jua kwamba ushuru hulipwa kwa kontroli namba ya serikali, hauendi kwenye simu ya wakala. Akikupa namba ya kontena, iwe na herufi nne, ya nne ikiwa U, na tarakimu saba, kisha uitafute wewe mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Kiungo alichokutumia yeye usikifungue.

Kama kuna mwengine anasoma hapa na ameshatuma: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kisha nenda polisi na ujumbe wote, risiti na namba. Mazungumzo usiyafute wala usimtukane akakufungia. Namba yenyewe iripoti kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi pande zote mbili za Muungano. Atakayekupigia baadaye kukwambia umlipe kidogo akurejeshee pesa zako ni yule yule, au mwenziwe aliyeuziwa namba yako.

Wewe, ndugu yetu wa Chake, muandikie hivi leo: "Namba ya 904 ni ya gari la 1971 au baada ya hapo, usukani kushoto, nawe umesema 1966. Naomba picha ya namba iliyogongwa kwenye chesi upande wa kulia mbele, picha ya dashibodi, kadi, na hati ya msimamizi wa mirathi. Fundi wangu atafika Kiembesamaki Jumamosi saa tatu asubuhi. Nipe jina na simu ya aliyeshika ufunguo. Arbuni nitalipa mbele ya wakili." Akija juu, akikuharakisha na huyo mnunuzi mwengine, au akikwambia funguo ziko naye Muscat, mfungie. Akileta vyote vinne na maelezo ya kwa nini mwaka umekosewa, mtume fundi, na bei ianze kuzungumzwa upya, maana Series III ya usukani wa kushoto si gari lile ulilotangaziwa.